Mgeni Mwenye Saa

Kila siku baada ya sala ya alasiri Lubna alikunja mkeka, akavaa miwani ya kusomea, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango wa mbele na kuwasha data. Hakuiwasha kabla ya hapo, wala hakuiacha wazi zaidi ya nusu saa. Simu yake ilikuwa kuukuu. Betri ilikuwa imevimba hata kifuniko cha nyuma kikashikizwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Nguzo za umeme za Ngomeni ziliishia nyumba tatu kabla ya kwake, kwa hiyo chaji aliifuata dukani kwa Gona, mwendo wa dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, na chaji ya kuchoshea miguu haichezewi.

Gona ndiye aliyemfundisha. "Shikamoo, Mama Mwanabibi. Simu hii sasa ni ya kulelewa," alimwambia siku ya kwanza alipoiona ile betri. "Punguza mwangaza wa kioo. Zima data. Barua pepe isijivute yenyewe, uiite wewe unapoitaka." Mwangaza ukapunguzwa hadi Lubna akawa hawezi kusoma mpaka ajifunike leso kichwani na simu ndani yake. Data ikazimwa. Kwa utaratibu huo betri ilifika siku mbili, na Gona alimsimulia kila mteja kana kwamba betri ni yake.

Kilichobaki kilikuwa ni wageni. Barua pepe za Ngomeni huja kwa miguu. Hushuka njia panda ya Gongoni, hukata mashamba ya chumvi, hufika mlangoni na kupiga hodi mara tatu kama mtu yeyote aliyelelewa. Mwenye data wazi hata hazioni, zinaingia moja kwa moja simuni. Mwenye kuzima data huzikuta zimekaa barazani kwake zikingoja kufunguliwa. Zilichobeba hazikisemi mpaka zifunguliwe, ila mengine yote huyazungumza, joto, mvua na hali za watoto, na maji ya kunywa hupokea kwa mikono miwili.

Aliyewashughulikia wageni ni Mahir, mumewe Lubna, kwa sababu alikuwa na nafasi. Kwa miaka thelathini Mahir alishona kofia za vito, zile ambazo kila tundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka likasimama lenyewe. Kisha mtoto wa jicho akaingia jicho la kulia, na hakukaa peke yake, akaingia na la kushoto. Kofia ya mwisho ilikuwa ya bwana harusi mmoja wa Mambrui. Ilifika nusu ikakwama. Bwana harusi alioa kwa kofia ya kuazima na sasa ana watoto wawili. Nusu kofia ile Mahir aliiweka mfukoni mwa kanzu, na alipozungumza na wageni aliipapasa kwa kidole gumba, tundu baada ya tundu.

Macho yake yalikuwa yamewekwa mikononi mwa Mpango wa Macho Angavu, wenye ofisi Kilifi nyuma ya duka la mabati. Mara mbili kwa mwaka madaktari huja hapo, wakapasua na kuondoa ukungu, na mtu huingia ameshikwa mkono akatoka anasoma mabango. Lubna alimwandikisha mumewe mwaka juzi. Walipewa karatasi iliyosema kwamba Mpango haupigi simu wala haupokei simu, kwamba mawasiliano yote ni kwa barua pepe, na kwamba atakayeitwa athibitishe kabla ya saa itakayotajwa, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine. Tangu siku hiyo Lubna alikuwa ameuandikia Mpango mara tatu kuuliza. Barua anayoituma mtu hutoka kwa sura yake mwenyewe na nguo alizovaa anapoiandika, hivyo mara tatu majirani walimwona Lubna akitoka mlangoni na kushika njia ya Gongoni huku Lubna mwenyewe yuko uani akichambua mchele. Hakuna aliyerudi na jibu.

Gona alikuwa na shauri la mwisho ambalo Lubna hakuliweza. "Wale wasio na maana wafute," alisema. "Usiwasome. Wanakula bando na chaji bure." Lubna alijaribu mara moja. Alimfuta mwanamke aliyekuja kutangaza magodoro. Mwanamke yule alisimama, akatia miguu viatuni, akarudi zake jua la saa kumi kupitia kwenye chumvi, na bilauri yake ya maji ikabaki barazani imejaa. Lubna aliona haya wiki nzima. Mtu amepiga hodi, ameitikiwa karibu, halafu afukuzwe hata hajasikilizwa? Tangu hapo kila barua aliyoipokea aliisoma mpaka mwisho, pamoja na maandishi madogo ya chini, kisha akaishukuru.

Jumatatu moja kulikuwa na mawingu mazito na Gona alikuwa amefunga duka, amekwenda Ganze kumzika shemeji yake. Simu ya Lubna ilikuwa na asilimia kumi na moja. Kufikia adhuhuri barazani walikwisha kaa wanne. Wa kwanza alifika alfajiri, mwanamke wa duka kubwa la mjini, amejitwika kichwani picha kumi na mbili za majokofu. Wa pili alikuwa mzee mpole aliyeachiwa mali nyingi na mjane wa nchi ya mbali na akitafuta mtu mwaminifu wa kumsaidia kuitoa. Wa tatu alikuwa bwana mnene aliyetumwa na watengenezaji wa simu, na mzigo wake wa programu mpya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba aliuacha nje ya ua. Wa nne alivaa tai. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa chumvi. Aliketi mwishoni, karibu na Mahir.

"Habari za safari?" Mahir alimuuliza.

"Njema, mzee wangu."

"Watokea wapi?"

"Kilifi."

Kidole gumba cha Mahir kilisimama juu ya tundu moja la kofia. Kumuuliza mgeni alikotoka ni uungwana, kumuuliza alichojia kabla hajapumzika si uungwana, na Mahir hakuwahi kukosa uungwana hata siku alizokuwa na macho. Alimkaribisha kahawa. Bwana yule alipoinua kikombe, Mahir alisikia kitu kikigonga kwenye mkono wake, polepole, bila kukosea.

Aliingia ndani akishika ukuta. "Mama Mwanabibi," alisema kwa sauti ya chini, "yule wa mwisho ametoka Kilifi. Na ana saa."

Lubna hakungoja alasiri. Alivaa miwani, akatoka barazani na simu mkononi, akawatazama wale wanne. Kisha akainama kwa mwanamke wa majokofu, aliyekuwa wa kwanza, akamuomba kwa adabu kama angekubali huyu bwana wa Kilifi atangulie.

"Nimetumwa kwa watu elfu arobaini," mwanamke alisema. "Hakuna hata mmoja aliyenifungulia. Wewe ndiye wa kwanza kunipa maji." Hakusema kwa kulalamika. Picha zilikuwa zimemwachia alama kwenye paji la uso.

Lubna alimgeukia mumewe. Naye alijua, na Lubna alijua kwamba anajua. Angesema neno moja tu, jambo lingekwisha.

"Waingie kama walivyokuja," alisema Mahir. "Wamekaa tangu alfajiri, binadamu hawa."

Kama ni binadamu au si binadamu hakuna aliyesimama kubishana. Lubna aliwasha data. Mwanamke wa duka aliingia kwanza na majokofu yake, akayatua moja moja, la milango miwili, la mlango mmoja, la kuwekea samaki, na kila moja likajichora kwenye kioo kutoka juu kuteremka chini kwa mwendo wa mtu anayepaka rangi ukuta. Lubna aliyatazama yote kumi na mbili na kumshukuru. Simu ilikuwa na asilimia saba. Mzee wa urithi alikuwa na maneno mengi na kila neno aliapia Mungu. Asilimia tano. Bwana mnene alisema mzigo wake usingeingia kwa bando dogo kama lile, ila ilimbidi aueleze, naye akaueleza. Asilimia mbili. Bwana wa Kilifi alisimama, akakung'uta chumvi, akaaga barazani, akatia mguu wa kulia ndani ya nyumba. Simu ikazimika.

Alibaki pale pale kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kurudi hawezi, kwa kuwa amekwisha anza kupokelewa. Kuingia hawezi, kwa kuwa hajamalizwa kupokelewa. Midomo yake ilikuwa wazi katika herufi ya kwanza. Lubna alimletea kigoda akamsogezea kwa nyuma. Mlango haukufungwa siku hiyo, na kila aliyetaka kupita alimwomba radhi na kujibana. Mahir alikaa karibu naye akisikiliza saa.

Jumanne Lubna alikuwa mlangoni kwa Gona kabla duka halijafunguliwa. Gona alifika saa tatu, bado ana udongo wa kaburini kwenye viatu. Alimpa pole ya kungoja, naye akampa pole ya msiba, na simu ikachomekwa. Betri iliyovimba haina haraka. Kufikia saa nne ilikuwa na asilimia sita.

"Si uifungue barua hapa hapa?" Gona aliuliza.

"Barua yenyewe iko kwangu, mguu mmoja ndani. Hapa nitafungua nini?"

Gona aliona ni kweli. Alimtilia bando jipya na kumsihi angoje asilimia kumi, kwa kuwa chini ya hapo simu ingekufa njiani na kazi ikarudi mwanzo. Asilimia ya kumi ilipatikana saa tano na nusu. Lubna aliizima simu ili asipoteze hata moja, akaikumbatia kifuani chini ya buibui, akatembea kama wanavyotembea wanaobeba maziwa yaliyojaa. Hakumsalimu mtu. Baadaye watu watatu walimlalamikia kwa hilo.

Alipofika, Mahir alikuwa amesimama na mkono wake juu ya mkono wa mgeni, palipo na saa.

"Washa," alisema.

Simu iliwaka. Ilionyesha alama ya kampuni yake, ikapiga kinanda chake, ikakaa. Ikatafuta mtandao. Ikauliza kama Lubna angependa kuweka lugha nyingine. Msikitini palikuwa hapajaadhiniwa bado. Lubna alibonyeza data na duara dogo likaanza kuzunguka, na wote watatu walilitazama, pamoja na Mahir ambaye hakuliona.

"Imesimama," alisema Mahir.

"Duara?"

"Saa."

Ndipo bwana wa Kilifi akatia mguu wa pili ndani, akamaliza herufi yake ya kwanza na zote zilizofuata. Ndugu Mahir Saad, umepangiwa kufanyiwa upasuaji wa macho siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Tafadhali thibitisha kabla ya saa sita mchana, Jumanne. Usijibu barua hii. Chini palikuwa na kitufe cha kijani. Lubna alikibonyeza, nacho kikamjulisha kwamba muda umepita kwa dakika moja. Mgeni, akiwa amekwisha somwa, hakuwepo tena. Kikombe chake kilibaki.

Lubna alilia, waziwazi, kwa sauti, akiwa amekaa kizingitini pale pale. Mahir alimwacha alie. Kisha akamwambia aandike kabla simu haijazimika, na Lubna akaandika kwa anwani ya ofisi mistari miwili: walichelewa kwa sababu ya chaji, na bado wako tayari. Saa saba Lubna wa nne alitoka ndani, macho mekundu, akashika njia ya Gongoni. Simu ilikuwa na asilimia mbili.

Alhamisi walikwenda Kilifi wenyewe. Lubna alichukua chupa ya chai na mahamri, akamshika Mahir mkono, na kabla ya saa nne walikuwa nyuma ya duka la mabati.

Baraza ya ofisi ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi, kwenye ngazi, chini kwenye saruji na kando ya mtaro, watu kutoka Ganze, Marafa na Mtwapa, wengine na bahasha mapajani, wengine wameegemeana. Wote walikuwa barua. Lubna aliwatambua wa kwake bila shida. Wa kwanza alikaa karibu na mlango, amevaa leso ya njano aliyoivaa mwaka jana, ila sasa jua lilikuwa limeila hadi maandishi yake hayasomeki. Huyo alibeba habari kwamba mumewe bado anaona rangi, ila matundu ya kofia hayaoni. Wa pili alibeba habari kwamba anaona watu lakini rangi hazioni. Wa tatu alibeba habari kwamba anaona mwangaza wa mlango. Wa nne, wa Jumanne, alipata mahali kando ya mtaro, macho bado mekundu.

Ndani kulikuwa na karani anayeitwa Emily. Hakuwa mtu mbaya. Alipomwona Mahir aliinuka, akamletea kiti na bilauri ya maji.

"Mahir Saad," alisema Lubna. "Saa nne leo."

Emily alitazama orodha. "Hakuthibitisha, mama. Nafasi ilikwenda kwa mwingine, mzee mmoja wa Ganze."

"Amekuja?"

"Naye hajathibitisha."

"Basi barua yake iko barazani kwake inakunywa maji."

Emily alikubali kwamba kuna uwezekano huo.

"Kwa hiyo kitanda ni kitupu," alisema Lubna.

"Si kitupu, mama, kina mwenyewe. Kinamngoja."

Mlango wa ndani ulikuwa wazi nusu. Daktari alikuwa amekaa kwenye kitanda hicho, amevaa nguo za kijani, akila ndizi. Kutoka kwenye kiti cha Mahir hadi kwake zilikuwa hatua nane. Lubna alizihesabu kwa macho, na alipofika ya nane alihesabu tena.

"Nimewaandikia mara nne," alisema. "Barua zangu zote ziko hapo nje. Ya kwanza ina mwaka."

"Zitafunguliwa, usiwe na wasiwasi. Ofisi inabana matumizi kidogo. Data ya kupokea barua tunawasha mwisho wa kila robo mwaka, na robo zote za mwaka huu zimetuponyoka." Simu ya ofisi ilikuwa mezani mbele yake, imechomekwa ukutani, asilimia mia moja.

"Lakini mimi nimekuja mwenyewe. Ninakwambia kwa mdomo."

"Mama yangu," Emily alisema, naye alionekana kusikitika kweli, "sisi watu hatuwapokei. Tunapokea barua pepe."

Saa ya ukutani ilifika nne, ikaipita. Daktari alimaliza ndizi. Mahir alimshukuru Emily kwa maji, akainuka na kutoka nje akipapasa ukuta, na Lubna alibaki nyuma kidogo kwa sababu hakutaka mumewe amsikie anavyopumua.

"Mama Mwanabibi," Mahir aliita barazani, "uko wapi?"

"Niko hapa," zilijibu sauti tano.

Mahir alisimama akigeuza uso huku na huku. Kisha akaketi kwenye ngazi walipokuwa wamekaa wengine, akatoa nusu kofia mfukoni. Lubna alikuja, akafungua chupa ya chai na kuwamiminia wale Lubna wote wanne, mmoja mmoja, kwa kifuniko cha chupa. Yule wa leso iliyopauka alikunywa vifuniko viwili.

"Turudi nyumbani," Lubna alimwambia. "Hilo ulilobeba si kweli tena."

"Sijafunguliwa," alijibu. "Nikirudi sasa, itakuwa hukuandika."

Lubna alimrekebishia leso mabegani ili jua lisimchome shingo, akagawa mahamri yaliyobaki, akamshika Mahir mkono wakaondoka.

Walifika Ngomeni wakati wa alasiri. Barazani kwao alikuwa ameketi mgeni mmoja mwenye tai, ameshapiga hodi zake tatu na kukaa. Mahir alimpa mkono, akamuuliza alikotoka, akauacha mkono wake juu ya kifundo cha mkono wa mgeni muda mrefu kuliko kawaida.

"Ametoka Kilifi," alisema. "Ila huyu hana saa."

Lubna aliwasha data hapo hapo, kabla hata ya kuvua buibui. Mgeni akaingia na kufunguka bila tabu. Ndugu Mahir Saad, asante kwa kututembelea leo. Kwa kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani na huduma yetu? Unaweza kujibu wakati wowote.

Lubna aliweka kidole juu ya moja na kukikazia pale. Alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu aolewe.

"Yule binti alitupatia kiti," alisema Mahir kwa upole. "Na maji."

Lubna alikaa na kidole pale mpaka kioo kikafifia chenyewe ili kuokoa chaji, ikabidi akiamshe. Kisha akabonyeza tano. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba bado wako tayari. Simu ilikuwa na asilimia kumi na tisa. Akazima data.

Lubna wa tano alitoka ndani na buibui la safari, akatia miguu viatuni, akashika njia ya Gongoni. Alikuwa amekwisha pita ua aliposikia akiitwa. Lubna alimkimbilia na chupa ya chai, aliyokuwa ameijaza upya, na mkeka mdogo wa kukalia.

"Kaa upande wa ukutani," alimwambia. "Mchana kuna kivuli."